Dakika Tisa Hadi Bukoba

Siku ya posa yake, Mhandisi Kemilembe Rwegoshora alisimama uani kwa mama yake, juu ya kilima cha Ihungo, akitazama angani. Chini yake ulikuwa mji wa Bukoba, mbele ya mji ziwa, na ndani ya ziwa, karibu na kisiwa cha Musira, lilisimama Kapu. Lilikuwa duara la nguzo ndefu za chuma zilizochomoza majini, na kila nguzo ilibeba sumaku yenye nguvu ya kusimamisha treni iliyo mwendoni. Mara kitone cheupe kikatokea juu kabisa ya mawingu, kikakua, kikashuka moja kwa moja katikati ya zile nguzo na kutulia. Mngurumo wake ulifuata baadaye, mmoja tu, mfupi. Kuku wa jirani hawakuinua hata vichwa, maana walikwisha kuzoea.

Mtambo huo watu waliuita Kombeo. Nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Kisarawe, ilijengwa reli ya sumaku iliyopanda taratibu kuelekea mbinguni. Abiria waliketi ndani ya chombo cha duara kilichoitwa kokwa, wakazungukwa na uteute mzito wa kuwakinga wasipondwe na kasi, kisha reli ikalivurumisha kokwa juu ya hewa yote, hadi kule ambako mchana kuna giza na nyota. Kokwa halikuwa na injini. Lilikwenda kama jiwe la mtoto anayefukuza ndege shambani, likapinda, likaanza kuanguka, na Kapu likalidaka. Akili mnemba iliyoitwa Mizani ndiyo iliyopima upepo na uzito wa kila abiria, na tangu ianze kazi haijawahi kukosea. Kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni zaidi kidogo ya kilomita elfu moja. Ndege za mapangaboi zilitumia saa mbili. Kombeo lilitumia dakika tisa.

Aliyelibuni ni huyu huyu Kemilembe. Wahaya, kama mjuavyo, hawahitaji sababu ya kujivuna, lakini hii waliletewa mpaka mlangoni. Baba yake mdogo, Ta Mutashobya, mwalimu mstaafu, hakuweza kununua hata kiberiti dukani bila kumweleza muuzaji kwamba Kombeo limetoka katika ukoo wake, na kwamba hesabu za kuzidisha alimfundisha yeye.

Ndani ya kokwa lililotua sasa hivi alikuwamo Elinami Mrindoko, Mpare wa Same, daktari wa mifupa, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Alikuwa amekuja na mshenga wake kumposa Kemilembe. Kabla tu ya kurushwa alipiga simu akasema, "Mama, tumeondoka." Kusikia hivyo, mama yake Kemilembe, Ma Kokuhirwa, aliinuka, akaosha kisu, akauvuta mkungu wa ndizi na kuanza kumenya. Alikuwa amefika ndizi ya nne wageni walipotua.

"Mama," Kemilembe aliita kutoka uani, "wameshafika."

"Nimesikia mlio," mama alijibu, akaendelea kumenya.

Kigari cha anga kiliwapandisha wageni kilimani kabla maji ya chungu hayajaanza hata kupata vuguvugu. Ta Mutashobya akawapokea, akawaketisha sebuleni, akawapa kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima anavyopewa Uhayani. Elinami alitafuna yake kwa adabu. Mshenga, Mzee Mchome, aliigeuzageuza mdomoni kwa mashaka, huku akitazama saa.

Huyu Mzee Mchome alikuwa mshenga hodari, na Kombeo lilimfanya awe hodari kupita kiasi. Zamani posa moja ilimchukua mwezi mzima wa kupanga na siku kadhaa za kusafiri. Siku hizi, makombeo yakiwa yamejengwa kila mkoa, asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuposa Moshi, sasa yuko Bukoba, na jioni alisubiriwa Mtwara. Alisimama, akaegemea bakora yake, akakohoa.

"Ndugu zangu, tumepita njia hii tukaona katika bustani yenu kuna ua limechanua. Kijana wetu halali, hali, na kadhalika. Bustani, ua, umande, yaliyobaki mnayajua. Tunaomba jibu."

Ta Mutashobya alikuwa amejiandaa kujibu kwa hotuba yenye sehemu tatu, akaona hazina pa kuingia. Hata hivyo alijua kwamba katika nyumba ya marehemu kaka yake neno la mwisho si lake. Akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Ma Kokuhirwa alitokea pale, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi, akawatazama wageni kwa upole kabisa.

"Wageni wangu bado hawajafika," alisema. "Wakifika nitawajibu."

Akarudi jikoni.

Elinami alimtazama Kemilembe, Kemilembe akatazama sakafu. Mzee Mchome akaketi polepole.

"Ta Mutashobya," alisema, "mimi si mtu wa hasira. Lakini katika ukoo wa Mrindoko kuna sheria, na sheria zetu sisi Wapare hatuchezi nazo. Posa iliyorudi bila jibu haipelekwi tena nyumba ile. Babu yao alikatazwa hivyo, baba yao akakatazwa hivyo. Na kokwa letu la kurudi linaruka saa sita."

Saa tano ilikuwa imekwisha kugonga. Kemilembe aliinuka, akaingia jikoni. Alimpenda Elinami. Alimpenda mama yake pia, ingawa wakati ule alitamani kumtikisa mabega.

Jikoni kulikuwa na moshi kidogo na harufu ya majani ya mgomba. Kwenye kona alisimama mtumishi wa chuma ambaye Kemilembe alimnunua kwa bei ya gari. Aliweza kuivisha ndizi kwa dakika nne. Ma Kokuhirwa alimtundikia ungo na kanga mbili.

"Mama, watu wamekaa sebuleni kwako, unasema hawajafika?"

"Wamekaa. Kufika ni jambo lingine."

"Leo si siku ya mafumbo, mama."

"Mimi sijui mafumbo." Ma Kokuhirwa aliendelea kumenya. "Tangu hilo Kombeo lako lianze, umekuja hapa mara ngapi?"

"Nyingi! Karibu kila juma. Nani mwingine anayemwona mama yake kila juma?"

"Na umekula mara ngapi?"

Kemilembe alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kupiga simu kutoka Kisarawe, kufika, kumkuta mama kainamia mkungu. Alikumbuka kuuliza, "Zimeiva?" na kuambiwa bado. Kisha simu ya ofisini, kikao, na yeye akisema kule mlangoni, "Nitakula siku nyingine, mama." Alisema hivyo kila mara, kwa furaha, kwa sababu siku nyingine ilikuwa umbali wa dakika tisa tu.

"Hujala hata mara moja," mama alisema, bila kumlaumu. "Hujaja nyumbani, mwanangu. Unapita."

"Basi kwa nini usipike mapema? Nikikwambia jana kwamba kesho naja, si uanze asubuhi! Au huyu hapa akupikie." Alimwonyesha mtumishi wa chuma. "Kila mara unasubiri mpaka mtu aseme ameondoka. Kwa nini?"

Ma Kokuhirwa aliweka kisu chini.

"Nilipika mapema mara moja tu," alisema. "Siku ambayo baba yako aliambiwa atatoka hospitali."

Siku ile Kemilembe aliijua vizuri, au alidhani anaijua. Alikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na daktari alisema Mzee Rwegoshora amepata nafuu na anaweza kurudi nyumbani kwa ndege ya mchana.

"Nilifurahi sana," mama aliendelea. "Niliamka alfajiri, nikamenya mkungu mzima, nikaweka chungu motoni. Baba yako alikuwa bado kitandani kule, hajavaa hata viatu. Mimi huku namfunikia chakula! Ndizi zikaiva, zikakaa. Ndipo ukanipigia simu. Chakula kile, Kemi, walikula waliokuja kuchimba kaburi."

"Mama. Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ni ujinga. Najua chungu hakiui mtu. Lakini tangu siku ile sipiki mpaka nisikie kwamba mtu ameondoka. Ujinga wangu mwenyewe, umenikaa, na nimekwisha kuuzoea."

Kemilembe aliketi kwenye kigoda. Yeye naye alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kesho yake baada ya simu ile alipanda ndege ya mapangaboi kumleta baba nyumbani, yeye kitini, baba katika jeneza chini ya miguu yake. Walikuwa hewani muda wa saa mbili. Hakulia, hakulala, hakunywa maji. Alihesabu tu, na kila alipodhani wamefika walikuwa bado. Ndani ya ndege ile aliapa kwamba mtoto mwingine asikae saa kama zile, na Kombeo lote, reli yake na sumaku zake na Mizani yake, lilitokana na kiapo hicho. Sasa alimweleza mama yake, kwa sauti ndogo, akitazama maganda ya ndizi.

Ma Kokuhirwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maskini mwanangu," alisema. "Kumbe zile saa zilikutesa. Mimi zilinisaidia."

"Zilikusaidia?"

"Uliposema mmeondoka naye, nilikuwa nimelala chini sakafuni. Nikajua nina saa mbili. Nikaamka, nikaoga, nikafagia uwanja, nikavaa vile alivyopenda. Mlipofika alinikuta nimesimama. Mngekuja kwa dakika tisa angenikuta bado nimelala pale chini."

Kemilembe alijifuta macho kwa mkono wa gauni lake la posa.

"Na baada ya hapo, ukiwa chuoni, ukisema 'Mama, tumeondoka,' mimi nilianza kumenya. Nikasema, sasa wako juu ya Kiteto. Nikaosha majani, nikasema, sasa wameuona mlima Hanang. Nikafunika chungu, nikasema, sasa Mwanza, wanaingia ziwani. Nikakuwaza ulivyo, ulivyokuwa mdogo, nitakavyokuuliza. Ukisimama mlangoni, mimi nimekwisha kukupokea zamani. Siku hizi unanitokea tu, kama mtu aliyesahau mwavuli. Dakika tisa, Kemi! Dakika tisa hazimtoshi mtu hata kumkumbuka mtoto wake."

Hakuna kikao cha wahandisi kilichowahi kumwuliza Kemilembe swali gumu kama lile. Walimwuliza juu ya sumaku, juu ya joto, juu ya gharama. Muda wa msafiri aliupima mpaka sekunde. Muda wa anayemngoja msafiri haukuwahi kuingia katika hesabu zake, na hata Mizani, pamoja na akili zake zote, haikujua kwamba upo. Aliinamisha kichwa kwa aibu na kwa mapenzi pamoja.

Kisha akainuka, akaenda sebuleni.

Binti hasemi kwenye posa yake mwenyewe. Ta Mutashobya alipomwona anafungua mdomo alifumba macho, kama mtu aliyeona sahani ya udongo ikianza kuteleza mezani.

"Wazee wangu, niwieni radhi," Kemilembe alisema. "Mama hajakataa. Alihitaji kuwangoja na hakupata nafasi, na aliyemnyima nafasi hiyo ni mimi. Nawaomba mrudi Dar es Salaam sasa hivi, kisha mje tena. Mje kwa ndege ya mapangaboi ya saa nane."

Ndege hiyo ilikuwa bado ipo, moja kwa siku, kwa ajili ya wajawazito na wenye maradhi ya moyo, ambao Kombeo halikuwaruhusu.

Mzee Mchome alimkodolea macho. "Binti, hili Kombeo si umelibuni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Na unatupandisha mapangaboi?"

"Ndiyo, mzee. Mkiondoka mtupigie simu, tafadhali."

Elinami alikwisha kusimama. Hakuelewa yote, lakini alimwona Kemilembe machozi hayajakauka, na hilo lilimtosha. "Mimi narudi, halafu nakuja," alisema. "Mzee, wewe kama una haraka nenda Mtwara. Nitaomba mwenyewe."

"Ujiombee mwenyewe? Umekuwa yatima?" Mzee Mchome aliguna. Akanusa. Harufu ya majani ya mgomba ilikuwa imeanza kuingia sebuleni, na uso wake mkali ukalegea. "Niseme ukweli? Leo nimekaribishwa nyumba mbili na sijatia kitu tumboni ila hizi kahawa, na hizi sijui kama zinamezwa au zinatemwa. Juma lililopita nilifika nyumba tano. Tano! Sikumbuki sura ya bibi harusi hata mmoja. Mtwara watanisamehe. Lakini sheria ya ukoo je? Posa ikirudi bila jibu imekwisha."

Alifikiri, akiizungusha bakora yake sakafuni. Watu wasemao kwamba Wapare huzaliwa na kesi mkononi hawajawahi kumwona Mpare akiifuta kesi yake mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa ustadi mkubwa zaidi. Mzee Mchome aliinuka, akaiegemeza bakora ukutani, kando ya picha ya marehemu Rwegoshora.

"Posa hutembea na bakora ya mshenga," alitangaza. "Bakora hii inabaki hapa. Basi posa haijarudi popote, iko Bukoba. Kinachorudi Dar es Salaam ni mimi na njaa yangu."

Ta Mutashobya alimpa mkono kwa heshima ya mwanachuoni kwa mwanachuoni. Mchana ule alizimaliza ndizi za chungu cha kwanza, ili, kama alivyoeleza, zisiharibike.

Saa nane simu ililia. "Mama," sauti ya Elinami ilisema, na nyuma yake mapangaboi yalisikika yakianza kuzunguka, "tumeondoka."

Ma Kokuhirwa akauvuta mkungu wa pili. Kemilembe alivua gauni la posa, akajifunga kanga, akachukua kisu. Ilikuwa miaka tangu amenye ndizi, na utomvu ulimganda vidoleni. Mwanzoni alitazama saa kila mara, kwa mazoea ya kazi. Kisha mama akaanza kumwuliza mambo. Huyo kijana ni mkorofi akiwa na njaa? Anamsikiliza mtu mpaka amalize? Kemilembe akajibu, akacheka, akasimulia jinsi Elinami alivyomwomba msamaha mbuzi alipokuwa akimfunga mguu uliovunjika. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Katika miaka mitatu ya uchumba hakuwa amewahi kuuliza, maana hapakuwa na muda wa kuuliza.

"Sasa wako wapi?" Ma Kokuhirwa aliuliza, akiosha majani.

"Kiteto," Kemilembe alisema, na aliposema akamwona Elinami dirishani, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Akapita naye Hanang. Hapo kitu kikamgusa kifuani, kikamshangaza: alikuwa amemkumbuka. Mwanamume huyu aliweza kumfikia wakati wowote, kutoka mkoa wowote, kwa hiyo hakuwahi kumkumbuka hata siku moja. Sasa alimtamani mpaka mikono ikasita kumenya. Ilimuuma, na hakutaka maumivu hayo yaishe haraka.

"Mama, na jibu lako je?"

"Jibu ni ndiyo. Ni ndiyo tangu siku ile ya kwanza uliyomtaja ukasahau ulilotaka kusema. Lakini ndiyo hapewi mtu anayetazama saa."

Wakafunika chungu. Moshi ukapungua, makaa yakatulia, jua likaingia jikoni kwa upande. Halafu kwa mbali sana, upande wa ziwa, ukaanza mlio mwembamba wa mapangaboi. Kemilembe aliruka kutoka kigodani, kisu bado mkononi.

"Wamefika!"

Mama alimshika mkono, akamvuta chini taratibu.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Bado tunawangoja."

Kemilembe akakaa.